Joseph Kiwele, mutungaji wa Misa na wa wimbo wa inchi

Wengi kwetu Uvira, Baraka na Fizi wanafikiri kwamba muziki wa noti ni mali ya Wazungu tu. Lakini kwenye ziwa hili letu la Tanganika, upande wa kusini, kati ya Kalemie na Moba, kuna misioni ya kale inayoitwa Mpala. Pale alizaliwa Joseph Kiwele, katika mwaka wa 1912. Inafaa tupime kazi yake vizuri: nguvu yake ilikuwa wapi, na upungufu wake wapi.

Kiwele alisoma katika seminari za Wapadri Weupe kule Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, pale pale Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka wa 1917. Kiwele hakuwa padri. Lakini seminari ilimupa mali aliyoishi nayo maisha yake yote: uimbaji wa Kigregori, kinanda, na zaidi ya hayo kusoma na kuandika noti. Kisha akaenda Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Huko alifundisha muziki, alipiga kinanda, akafanya kazi pamoja na Dom Anschaire Lamoral, Mubenedikto, na korali yake ya Chanteurs à la Croix de Cuivre. Akatunga Misa inayoitwa Missa Katanga: maneno ya Kilatini, sauti za Kiafrika, na ngoma.

Watu wengi wanajua zaidi Missa Luba, iliyoimbwa Kamina na kule Bruxelles mwaka wa 1958 chini ya Padri Guido Haazen, Mufransisko. Ile ni nzuri sana. Lakini ilizaliwa katika vinywa vya waimbaji wengi, wakifuata namna za nyimbo zao za mababu, na jina lililobaki juu yake ni la Padri mugeni. Missa Katanga ina mutungaji mwenyewe wa inchi, aliyejua kuandika. Hapo tunaona nguvu ya Kiwele. Hakubandika ngoma juu ya wimbo wa Ulaya kama kiraka juu ya kanzu. Aliijua ngoma kama mutoto wa kwao, na noti kama mwanafunzi hodari. Kwa hiyo viwili hivi vilikuwa kitu kimoja ndani yake.

Lakini kuna swali moja ambalo Misa yake haikujibu. Kilatini hakina sauti ya juu na ya chini inayogeuza maana ya neno. Kibembe na Kifuliiru vinayo. Mutungaji akipandisha wimbo pale ulimi unaposhuka, wakristu watasikia neno lingine, ao hawatasikia kitu. Kiwele, akitunga kwa Kilatini, hakufungwa na sheria hii. Sisi tunaoimba katika lugha za mababu tunafungwa nayo kila Siku ya Mungu. Basi tusichukue Misa yake kama kipimo cha kila kitu.

Na tuseme wazi juu ya wimbo wake mwingine. Mwaka wa 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo, Kiwele alikuwa minisitri wa masomo katika serikali ya Tshombe, na ni yeye aliyetunga La Katangaise, wimbo wa taifa la Katanga. Alikufa mwaka wa 1961. Katika Januari 1963 serikali ile ikaanguka, na wimbo ukakosa kazi. Hatupendi kumuhukumu mutu aliyekwisha kwenda mbele ya Mungu. Tunapima kazi tu: wimbo uliotungwa kwa ajili ya utawala unaanguka pamoja na utawala, hata kama mutungaji ni hodari. Wimbo wa Misa hauna mupaka wa inchi. Mutu wa Kongo yote anaweza kusali nao.

Kiwele hakuona Mutaguso wa Vatikano wa pili ukitoa, tarehe 4 Desemba 1963, ile sheria juu ya Liturujia inayoagiza kuheshimu muziki wa kila taifa. Alikuwa amekwisha kuanza kazi hiyo mbele yake.

Sasa tujiulize, ndugu waseminari na wakatekista. Katika parokia zetu za kando ya ziwa, nyimbo nzuri zinatungwa kila mwaka. Ni ngapi zimeandikwa? Mwalimu wa korali akihama ao akifa, wimbo unakwenda naye, ao unabaki bila jina, kila kijiji kikiuimba kwa namna yake. Sauti nzuri na ngoma hodari hatukosi. Tunakosa kalamu. Kiwele aliweza kupita toka kanisa hadi shule, na toka shule hadi baraza, kwa sababu alikuwa amejifunza noti akiwa kijana kwenye benchi la seminari. Basi, saa ya solfeji isiwe saa ya kulala. Anayeilala leo, kesho atawaachia wakristu wake nyimbo za kusahauliwa.