Sauti Isiyo na Jina katika The Unforgiving

Albamu The Unforgiving (2011) ya Within Temptation, bendi ya Uholanzi inayopiga metali ya kisimfonia, ilitungwa sambamba na hadithi ya katuni iliyoandikwa na Steven O'Connell na kuchorwa na Romano Molenaar. Filamu fupi tatu zikaambatana nayo. Katika hadithi hiyo, Mother Maiden huwakusanya watu wenye hatia ili wawawinde waovu. Ni rahisi kuichukua katuni kuwa ufunguo wa nyimbo, lakini usomaji huo unazipunguzia nyimbo nguvu. Sharon den Adel huimba zaidi kwa nafsi ya kwanza, na kati ya anwani 12, ni "Sinéad" pekee inayobeba jina la mtu. Kwa kutomjua msemaji, msikilizaji hukutana na majuto kabla ya kosa, hivyo hukosa pa kuanzia kuhukumu. Katuni humpa mkosaji jina, sura na kisa. Huruma hugeuka udadisi. Kwa sababu hiyo "Why Not Me", utangulizi unaosemwa badala ya kuimbwa, ndio sehemu dhaifu ya albamu: unamwingiza msimulizi wa katuni mahali ambapo hakuhitajika. Afadhali haufiki hata dakika moja.