Ili Matema Ionekane

Mgeni anayeteremka kutoka Tukuyu kuja Bondeni, huku kwetu Kyela, siku hizi huwa ameshapekua simu kabla ya kukata tiketi. Ameandika "gesti Matema", na Google imemtolea ramani na majina machache juu kabisa. Ambaye jina lake halimo, hata kama vyumba vyake ni visafi na mchanga wa ziwa uko mlangoni, mgeni huyo hatamfikiria.

Wapo mafundi wanaofanya kazi ya kulifikisha jina pale juu, na inapofanywa vizuri naiheshimu sana. Google yenyewe hutaja vigezo vitatu vya matokeo ya karibu: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali hauhongeki, na nafasi hizo za ramani Google haiziuzi. Fundi anabakiwa na kazi ya kusema ukweli wa mahali, kwa usahihi ambao wengi hatuna subira nao.

Alama ya ramani, kwa mfano. Matema iko kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Alama ikisogea kidogo inaangukia majini. Ikisogea upande wa pili inapanda mlima. Fundi mzuri haiweki kwa kukadiria akiwa Mbeya. Anasimama getini, anasubiri simu itulie, ndipo anaiweka. Kisha anaifuata njia ya kutoka Ipinda kama mgeni, aone ramani inamfikisha mlangoni au inamwacha kwenye shamba la kokoa.

Kwenye saa ndipo ninapompenda zaidi. Duka la Kyela mjini linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Mwenye duka akijaza fomu mwenyewe bila kuelekezwa, anaweza kuandika 1:00 na 2:00, na mteja wa mchana kweupe akaambiwa pamefungwa. Kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane, sisi tunaanza jua linapochomoza. Fundi anaandika 7:00 hadi 20:00, kisha anamwonyesha mwenye duka mpaka aelewe. Jina analiandika kama lilivyo kwenye kibao, bila kulirundikia maneno ya kuvutia watafutaji, jambo ambalo Google inalikataza. Namba ya simu inakuwa ileile kila mahali.

Mchele ni mtihani mgumu kuliko gesti. Mtu wa Dar es Salaam akitafuta "mchele wa Kyela", umbali unamwonea mwenye mashine ya kukoboa aliye huku: ramani itaonyesha kwanza maduka ya Tandale, na jina la Kyela huandikwa hata kwenye magunia ambayo hayakutoka Bondeni. Hapo inabidi kupita kwenye tovuti. Larry Page na Sergey Brin waliianzisha Google mwaka 1998 kwa wazo kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa zenye uzito nao hupata uzito. Viungo vya namna hiyo huja polepole, watu wanapokuta kitu cha kuwafaa. Basi fundi anaandika kinachoulizwa kweli: mpunga umevunwa lini, umekobolewa wapi, gunia ni la kilo ngapi, linafikaje Dar. Picha anazipunguza uzito, maana msomaji anakula bando lake. Kwenye ukurasa wa gesti ya Matema nako anaeleza kwamba wageni wengi wa ng'ambo wanalijua ziwa hili kama Ziwa Malawi, na kwamba vyungu vya Wakisi huuzwa gulioni Lyulilo siku ya Jumamosi. Mtu akipanga safari kutoka Ujerumani, sentensi hizo mbili zinamtosha kuchagua siku ya kufika.

Maoni ya wageni, fundi huyu hayanunui. Anamfundisha mhudumu kumwomba kila anayeondoka aandike alichokiona. Mmoja akilalamika kwamba maji yalikatika, fundi anaulizia kwanza habari za tanki, na jibu linaandikwa tanki likishatengenezwa. Masika ikiingia, na mvua ya Kyela haina mchezo, anarudi tena kwenye wasifu wa biashara wa Google kuandika barabara ikoje wiki hiyo.