Kuendelezwa na Kujiendeleza katika "Gamba la Nyoka"

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka (1979), husomwa mara nyingi kama pingamizi dhidi ya Ujamaa. Usomaji huo ni finyu. Wanachokipinga wanakijiji wa Kisole si kushirikiana bali ni kuhamishwa kwa nguvu. Mwaka 1968 Nyerere alikuwa amekwisha kuonya kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Mnamo Novemba 1973 akatangaza kwamba wananchi wote wa mashambani wa Tanzania sharti wawe wanaishi vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo kiini cha mgogoro wa riwaya hii.

Kwa mkulima ardhi si eneo la kupimwa tu. Ni ujuzi wa udongo na mvua, miti ya dawa na makaburi ya wazee. Ahamishwapo huuacha ujuzi huo nyuma. Shamba huwa mbali, na kuni hupungua penye msongamano wa nyumba.

Dosari ya riwaya iko hapa. Wasomi Mambosasa na Mamboleo wamepewa nafasi kubwa ya kufikiri, ilhali mkulima amepewa zaidi nafasi ya kukataa, na sababu zake hazikuchimbuliwa vya kutosha. Hata hivyo, sitiari ya gamba ina uzito wake: nyoka hujivua mwenyewe wakati wake ufikapo, akichunwa, hufa.