Mkono wa Kuchuma

Sifa za bustani humwendea aliyepanda. Mwenye kitalu kizuri hutajwa mtaa mzima, na mwenye jembe zito huheshimiwa hata na wasiompenda. Mchumaji hasifiwi, kana kwamba kazi yake ni kunyoosha mkono tu. Tangu familia yetu ipate sehemu yake katika bustani ya pamoja hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, nimeamini kwamba kuchuma ni ufundi kamili, na mavuno ya kwanza ndiyo yanayomtambulisha fundi.

Bustani yenyewe ni eneo lililo karibu na kijito, wakazi wameliomba na kugawana. Kila kaya ina matuta yake, maji ni ya wote, samadi tunachangia. Sisi tuna matuta manne: mawili ya mchicha, moja la matembele, moja la maboga, na ngogwe pembeni.

Mchicha ndio hutangulia. Mbegu zake ni ndogo mno, gramu moja hubeba zaidi ya 1,000, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kusiwa, zisije zikajazana upande mmoja na kuacha upara upande mwingine. Maji yakiwepo, wiki ya tatu au ya nne mboga iko tayari. Namna mchicha unavyolitumia jua ni ile ile ya mahindi, mtama na miwa, ndiyo maana joto linalonyong'onyeza majani mengine lenyewe huukuza.

Hapo ndipo swali la ufundi linapoanza. Kuna kung'oa na kuna kuchuma. Anayeng'oa hutoa mche mzima na mizizi yake, akaufunga fungu kama tunavyouona sokoni. Si vibaya, hasa miche inapobanana na inabidi ipunguzwe. Ila tuta lililong'olewa lote limemaliza kazi, na mwenye kaya anarudi kuomba mbegu. Anayechuma hukata kichwa na kuacha shina likiwa na majani kadhaa chini. Kwenye kwapa la kila jani kuna chipukizi dogo lililolala. Kichwa kikiwepo, kinayazuia machipukizi hayo yasikue. Kikiondoka, yanaamka yote, na baada ya siku chache shina lililokuwa na ncha moja lina tatu au nne. Mavuno ya kwanza yakifanywa hivyo, ya pili huwa makubwa zaidi.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Mgeta, huko mlimani ambako mboga hulimwa kwenye miteremko na kupelekwa hadi Dar es Salaam. Alimweka binti yetu mbele ya tuta, akamshika mkono. "Mjukuu wangu, usivute. Bana kwa ukucha wa kidole gumba. Panapokatika penyewe, hapo ndipo pa kula. Panapogoma, paache, hapo ni kuni." Nilikaa kumtazama mtoto akijaribu shina moja baada ya jingine, akishuka chini hadi ukucha ukwame, kisha akipanda kidogo hadi asikie *ta*. Sijui kipimo kingine cha ulaini kinachoshinda hicho. Hakihitaji kisu, na hakimdanganyi mpishi.

Saa nayo ina sheria yake. Tunachuma alfajiri, umande haujakauka, kwa kuwa jani limekunywa maji usiku kucha na limesimama. Jani la saa saba mchana linafika jikoni limelegea, na hata ukilimwagia maji halirudi kuwa lile la asubuhi.

Maboga yanataka jicho zaidi kuliko mkono. Msusa huchukuliwa kwenye matawi ya pembeni, ncha pamoja na majani machanga yanayoifuata, mshipa mkuu unaachwa uendelee kutambaa. Maua pia ni mboga, lakini lazima uyajue. La kike limekalia kiboga kidogo cha kijani, na hilo haliguswi. La kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Hayo unaweza kuchuma, ukibakiza ya kutosha nyuki wafanye kazi yao. Kisha kuna kumenya. Unavunja kikonyo cha jani mwishoni bila kukikatisha, unavuta taratibu, na nyuzi zinateremka ndefu pamoja na vile vinyweleo vinavyowasha ulimi. Jani lililomenywa vizuri hulainika sufuriani mara moja. Lisilomenywa utalitafuna hadi kesho.

Ngogwe ndizo zilizonifurahisha kuliko zote. Zetu ni za aina ya Tengeru White, iliyopewa jina la Tengeru kule Arusha, mkoa ambamo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimefanya kazi tangu 1992. Huchumwa zikiwa nyeupe na zinang'aa. Zikianza kugeuka rangi ya machungwa, mbegu zimekomaa na uchungu umezidi, na mti nao unapunguza kuzaa. Ukiwahi tunda la kwanza, unauhimiza mti uendelee.

Kando ya njia mnavu umejiotea bila kupandwa na mtu, na hakuna aliyeufyeka. Nafurahi. Mboga hizi zimeitwa magugu na chakula cha maskini kwa muda mrefu mno. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya amezifanyia utafiti tangu miaka ya 1990, mnavu, mgagani, mchicha na nyinginezo, na namshukuru kila ninapoona vijana wakiinama kuzichuma bila haya.

Chungu cha kwanza kilikuwa cha mchicha: kitunguu, nyanya, ngogwe chache zilizopasuliwa, majani yakaingia mwishoni, tui la nazi likafuata, chungu kikaepuliwa kabla rangi haijafifia. Tulikula na ugali, na chungu kikafutwa. Kabla ya hapo mama mkwe alikuwa ameshatenga mafungu ya kaya zilizotumwagilia tulipokuwa msibani. Alitoa machanga kabisa, yale ambayo mtu angetaka kujiwekea, na kwangu hilo nalo ni sehemu ya ufundi.

Miche mitano iliyonenepa kuliko mingine hakuichuma. Ameifunga vitambaa vyekundu ili watoto waijue. Itatoa mashuke, yatakauka, yatapukuchwa juu ya kanga, na mbegu zitagawanywa. Za kwanza zimeshaahidiwa kaya ya tuta la mwisho, waliomaliza kulima juzi.