Herufi nzito zenye kulala, na ukurasa wa mzazi

Bandugu wa promosheni zote, leo tuongelee police. Si wale wa rond-point, hapana. Naongelea police ya herufi, na hasa moja ambayo karibu sisi wote tumeigusa: Times New Roman katika sura yake nzito yenye kulala. Kwenye Word ya Kifaransa unabonyeza Ctrl+G, halafu Ctrl+I, imeisha. Juu ni rahisi hivyo, tunaitia kila mahali: kwenye jalada la TFC, kwenye faire-part za ndoa na za matanga, kwenye dedikasi nzima. Mimi naipenda hii herufi. Lakini nasema tunaitumia vibaya, na kuna mtu anayeumia.

Kwanza tuitazame vizuri. Herufi hii ina wazazi wawili wasiofanana. Kulala kwake kunatoka Venezia, karibu mwaka 1500, kwa mchapishaji Aldus Manutius. Francesco Griffo ndiye aliyemchongea herufi hizo kwa kufuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati ule. Mwaka 1501 Manutius alichapisha kitabu kizima cha mshairi Virgil kwa herufi za kulala. Hazikuwa za kusisitiza kitu, zilikuwa za kusoma tu. Uzito wenyewe ulikuja nyuma sana, Uingereza, katika karne ya 19, wakati matangazo ya biashara yalikuwa yanagombania macho ya watu. Kwa hiyo ndani ya herufi moja kuna mtu anayeandika polepole na mtu anayepiga kelele sokoni.

Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti The Times la London, ikaanza kutumika Oktoba 1932. Stanley Morison aliongoza kazi, Victor Lardent akachora. Ilitakiwa iingize maneno mengi kwenye safu nyembamba bila kumchosha msomaji. Sasa weka ile nzito pembeni ya ile ya kawaida: si ile ya kawaida iliyonenepeshwa tu. Nzito imebanana zaidi, imesimama wima, na sehemu ya juu na ya chini ya o ni nyembamba kabisa. Ukiilaza, a inaacha kofia yake na kuwa duara lenye mkia, na f inashuka chini ya mstari. Hiyo njo alama ya mlalo wa kweli. Police isiyo na mlalo wake, kompyuta inasukuma tu herufi upande, a inabaki na kofia yake kama mtu aliyesahau kuivua.

Andika jina moja, tuseme Asifiwe, kwa ukubwa wa 20. Utaona f imeshuka kama mzizi na jina lote linatembea mbele. Ni nzuri, tusidanganyane. Na iko na kazi yake halali. Wenzetu wa agronomia wanajua: jina la kisayansi la mmea linalazwa. Basi kama kichwa cha sura ni kizito tayari, na ndani yake kuna Phaseolus vulgaris, yaani maharagwe yetu, maneno hayo mawili lazima yawe mazito na yalale. Hapo herufi hii haina mpinzani.

Shida inaanza tukiipa ukurasa mzima. Mistari minene inakula nafasi ya ndani, macho ya e na a yanafunga. Pitisha karatasi kwenye fotokopi, kisha ufanye fotokopi ya fotokopi: minene inavimba, myembamba inakatika. Tena, mtu akisimama katika mkutano ambamo wote wamesimama, nani atamwona?

Na ukurasa tunaopenda kuutendea hivyo ni upi? Dedikasi. Wengi wetu tumesomeshwa na watu waliouza ndagala, makala, unga wa muhogo. Mzazi huyo hatasoma sura ya tatu wala bibliografia. Atasoma jalada, atasoma dedikasi, labda jioni, courant imeenda, akisogeza karatasi karibu na taa. Jury, watu wa miwani na ofisi, tunawapa kurasa safi, herufi wima, nafasi ya kutosha kati ya mistari. Mama tunampa ukurasa mgumu kuliko zote, halafu tunasema tumemheshimu.

Najua jibu: gras italique inaonyesha mapendo, inaonyesha kwamba ukurasa huu si wa kawaida. Ni kweli, inaonyesha. Lakini inamwonyesha yule anayefungua kitabu haraka na kupita. Yule aliyeandikiwa anataka kusoma, si kuonyeshwa.

Kwa hiyo mi naomba kitu kidogo kwa wale wanaodepoze mwaka huu. Andikeni dedikasi kwa herufi ya kawaida, ukubwa wa 14, mistari ikiachana vizuri. Kisha chagueni jina la mama, la papa, la dada mkubwa aliyelipa minervali, mbonyeze Ctrl+G na Ctrl+I hapo tu. Mbele ya kupeleka kwenye bureautique, toeni karatasi moja, mpeni asome kwa sauti. Akikwama kwenye neno, rekebisheni neno hilo kabla ya kurekebisha lingine lolote.