Masimulizi ya Mabaharia Wastaafu na Msikilizaji wa Bara

Safari ya majini ina nafasi ya zamani katika nathari ya Kiswahili, lakini nafasi hiyo imekaliwa zaidi na abiria kuliko baharia. Mwaka 1901 C. Velten alitoa Safari za Wasuaheli, na humo yamo maelezo ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hata Urusi na Siberia. Mwaka 1932 kikatoka kitabu cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kutokana na safari aliyoifanya mwaka 1931 akiwa mjumbe wa Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mmoja alikwenda akiwa mtumishi, wa pili akiwa mjumbe. Wote wawili walibebwa na chombo kilichoendeshwa na watu wengine. Watu hao wengine, wa sitahani, wa jikoni na wa tanurini, hawakuandika. Walichokuwa nacho ni mazungumzo ya baada ya kustaafu, na mazungumzo hayo ndiyo yapasayo kutazamwa kwa jicho la uhakiki.

Ifahamike kwanza kwamba kutoandika kwao hakukutokana na uchache wao. Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilizozuia biashara ya watumwa katika bahari ya Unguja zilichukua mabaharia wa pwani hii walioitwa Sidi. Wengi wao waliingizwa katika daftari kwa majina ya mzaha ya Kiingereza, wala si kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Basi hata pale baharia alipoandikwa, aliandikwa na mwingine, na kwa jina lisilo lake. Meli kubwa za abiria zilizokuja baadaye, kama vile Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, za kampuni ya British India, zilipita Mombasa na Dar es Salaam zikiwa na mabaharia ambao wengi wao walitoka Bara Hindi. Lugha ya kazi humo haikuwa Kiswahili. Kwa mtafiti wa Kiswahili, kwa hiyo, ushahidi bora wautaka kutafutwa katika maziwa ya bara, na hasa katika Liemba ya Ziwa Tanganyika.

Historia ya chombo hiki yajulikana. Kiliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, kikafunguliwa vipande vipande, kikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, kikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe walikizamisha wasije wakakiacha mikononi mwa adui. Kiliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 kikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kiliendeshwa kwa mvuke hata miaka ya 1970, kilipotiwa injini za dizeli. Mwaka 2015 kilichukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Chombo kimoja, basi, kimepitiwa na vizazi kadhaa vya wafanyakazi, na kazi yao, nyimbo zao na ugomvi wao vimekuwa kwa Kiswahili.

Masimulizi ya wafanyakazi wa namna hii husifiwa upesi. Mzee akumbuka, vijana wacheka, mkusanyaji aandika, na kitabu chasifiwa kwa kuwa "kimehifadhi". Sifa hiyo haitoshi. Simulizi la kumbukumbu, kama utungo mwingine wowote, lina hila zake, na nyingi za hila hizo zimo katika sarufi yenyewe.

Tazama kwanza matumizi ya hu-. Msimulizi akisema, "Meli hutoka jioni, sisi huosha sitaha alfajiri," amesema jambo la kweli, lakini ameliondoa katika miaka. Mwaka 1950 na mwaka 1975 vimekuwa siku moja. Aliyeosha sitaha chini ya nahodha Mwingereza na aliyeiosha baada ya Uhuru wamekuwa mtu mmoja. Utamu mwingi wa masimulizi ya wastaafu watokana na kiambishi hiki: maisha yaonekana kama desturi iliyotulia, isiyo na bwana wala mtumwa. Lakini msimulizi huyo huyo akifika kwenye dhoruba, au siku mwenzake alipokatwa mshahara, huiacha hu- na kushika -li- na -ka-: "Upepo ulivuma, tukateremsha mashua, mmoja akaanguka." Hapo pana siku, pana watu, pana ushahidi. Mhakiki makini hana budi kusikiliza mahali msimulizi anapohama kutoka hu- kwenda -ka-, kwani hapo ndipo kumbukumbu inapoacha kubembeleza.

Hila ya pili ni ya kiwakilishi cha sisi. "Tulikula pamoja, tulisafiri pamoja." Lakini ndani ya meli ya abiria pana madaraja, si ya abiria tu, bali ya wafanyakazi pia. Mchochea moto hakulala alipolala mwandishi wa tiketi, wala mpishi hakuona ziwa alilolionea mshika usukani. Kwenye vituo vingi vya Liemba visivyo na gati, ilikuwa desturi abiria na mizigo kushushwa kwa mashua katikati ya maji, na wale waliopokea mizigo ubavuni mwa meli walikuwa na habari tofauti kabisa na za waliokuwa juu. Simulizi lisilosema msimulizi alisimama wapi katika chombo halijakamilika, hata likiwa tamu namna gani. Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, alionyesha jambo hili kwa upande wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948: hakuandika juu ya "watu wa bandari" kwa jumla, bali juu ya wabebaji na hali ya migongo yao. Masimulizi ya mabaharia yanastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Hila ya tatu si ya msimulizi, ni ya mhariri. Wahariri wengi huona maneno ya baharia kuwa magumu kwa msomaji wa bara, wakayabadili: omo na tezi yakawa "mbele" na "nyuma", ngama ikawa "chini ya meli", serahangi akawa "msimamizi". Hoja yao ni kwamba mtu wa Arusha, aliyelelewa chini ya mlima Meru mbali na bahari na mbali na maziwa makuu, hatayafahamu.

Hoja hiyo haisimami mbele ya lugha inayosemwa Arusha kila siku. Mkulima wa Tengeru apandaye gari kwenda sokoni ni abiria, na alichokitoa mkononi ni nauli. Nauli ni neno la Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiyunani, na maana yake ya asili ni malipo ya chombo cha majini. Dereva ameshika usukani, neno lililokuwa la chombo kabla ya kuwa la gari. Mzigo wa lori ni shehena. Kiongozi wa timu ya mpira ni nahodha, na anayeshusha ndege katika kiwanja cha Kilimanjaro ni rubani, ambaye zamani aliongoza vyombo kuingia bandarini. Tangu reli ya Tanga ilipofika Arusha mwaka 1929, kahawa ya Meru imekuwa na njia ya kushuka pwani, na maneno ya pwani yamekuwa na njia ya kupanda. Meli yenyewe yaitwa meli kwa neno la Kiingereza la barua, kwa sababu ndiyo iliyozileta. Kwa hiyo msomaji wa Arusha si mgeni wa lugha ya bahari. Ameishi ndani yake pasipo kuambiwa.

Ni kweli kwamba maneno haya yamebadilika yalipopanda mlima. Nahodha wa uwanjani hana mamlaka juu ya maisha ya watu mia, na rubani wa angani hajui mwamba wala mkondo wa maji. Lakini mabadiliko hayo ni sababu ya kuyahifadhi maneno ya baharia pamoja na maelezo yake, wala si sababu ya kuyafuta. Mhariri akifuta ngama na kuweka "chini ya meli", amemnyima msomaji wa bara kujua ni wapi watu walifanya kazi gizani, na amemnyima mwanaisimu hatua moja katika historia ya neno. Hasara hii haina fidia. Liemba ilipoachana na mvuke, msamiati wa tanuri ulibaki vinywani mwa waliolihudumia tu, na watu hao hupungua kila mwaka.

Yapasa, basi, mkusanyaji wa masimulizi haya afanye mambo manne: ataje kazi ya msimulizi na miaka aliyoifanya, aulize kila "sisi" ni akina nani, aache nyakati za vitenzi kama zilivyotamkwa, na aandike neno la chombo kwanza, maelezo yake baadaye. Simulizi likipita katika mambo hayo manne na bado likasimama, hapo litastahili kuwekwa rafu moja na kitabu cha Kayamba, si kwa huruma ya kuwa limesemwa na mzee, bali kwa haki ya kuwa limeeleza upande wa safari ambao abiria hakuuona.