Nyota Iliyoyumba: Jinsi Shimo Jeusi Lilivyopimwa Uzito

Mwishoni mwa Agosti, saa nne usiku, mtu akisimama Nyarugusu wilayani Kasulu na kuelekea kaskazini, kundi la nyota la Cygnus huwa limepanda mbele yake. Ndani yake imo nyota ya buluu, HDE 226868. Kwa macho matupu haionekani, ila darubini ndogo ya mkononi inatosha. Mwenzake haonekani kwa darubini yoyote. Huyo ni Cygnus X-1, shimo jeusi, na habari zake zimepitia pwani yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama kwa miguu ya chuma baharini, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kilo zipatazo 140. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, akaiita Uhuru. Ikweta ilichaguliwa kwa sababu: huko mzunguko wa Dunia huisukuma roketi, na setilaiti inayopita juu yake hukwepa sehemu kubwa ya chembechembe zinazovuruga vipimo vya eksirei.

Uhuru ilizikuta eksirei za Cygnus X-1 zikipepesa ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu hakiwezi kubadilika chote upesi kuliko nuru inavyokivuka. Basi chanzo kilikuwa kidogo mno kuwa nyota ya kawaida. Mwaka 1971 antena za redio zikapaonyesha mahali pake: palepale penye nyota ya buluu.

Kidogo, sawa. Kizito je?

Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waliitazama nyota badala ya shimo. Mistari ya nuru yake ilisogea upande wa wekundu kisha ikarudi upande wa buluu, kila siku 5.6, ishara kwamba nyota inayumba. Ni kama mzazi anayemzungusha mtoto kwa mikono gizani: mtoto humwoni, lakini mzazi akiegemea sana nyuma, unajua amemshika mzito. Mwenza huyu alizidi kiwango ambacho nyota ya nyutroni, yaani masalio madogo ya nyota iliyokufa, inaweza kuhimili, ambacho ni uzito wa Jua mara tatu hivi.

Mzani huu una udhaifu wake, nao ni umbali. Mwaka 2021 timu ya James Miller-Jones ilitangaza kwamba jozi hiyo iko miaka-nuru 7,200 kutoka hapa, si 6,000 kama ilivyodhaniwa. Nyota iliyo mbali zaidi na bado inang'aa vile, lazima iwe kubwa na nzito zaidi. Shimo nalo likapanda kutoka Majua 15 hadi 21.

Hapo ndipo wanaoeleza asili yake walipokuna vichwa. Nyota kubwa hupukutisha gesi yake kwa upepo, na upepo huo huchochewa na metali (kwa wanaastronomia hata oksijeni ni metali, waniwie radhi wanakemia). Galaksi yetu inazo nyingi. Kubakiza Majua 21 kunadokeza kwamba upepo ulikuwa dhaifu kuliko hesabu za awali.

Swali la metali lilikuwa limeibuka hata kabla. Mitambo ya LIGO, inayosikiliza mawimbi ya mvutano, iliponasa mgongano wa kwanza wa mashimo meusi, 14 Septemba 2015, mashimo yalikuwa ya Majua 36 na 29 hivi, na wengi wakaelekeza kidole kwenye nyota zilizozaliwa penye metali chache. Mwaka 2019 likaja la Majua 85, uzito ambao kinadharia nyota hulipuka yote bila kuacha kitu. Huenda lenyewe lilizaliwa na mgongano wa awali.

Nyota ya buluu ya Cygnus, yenye Majua 40 hivi, bado inawaka. Ikianguka, huenda mwenzake akapata shimo jeusi la pili la kuzunguka nalo.